Maswali ya Wasomaji: Michezo ya Video Iliyotamba Madukani Uingereza

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Dundee, mji wa Uskoti ulikozaliwa mfululizo wa michezo ya Grand Theft Auto (GTA). Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote zilizunguka jambo moja: Waingereza wenyewe, kwa miaka hii arobaini na ushee, walitoa fedha zao kununua michezo gani, na kwa sababu gani? Tumechagua barua chache, tukazifupisha pale ilipobidi, na kila barua inafuatwa na jibu lake.

Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tumebishana mpaka tukakosana. Mimi nasema mchezo uliouzwa kuliko yote Uingereza ni FIFA, yeye anasema ni GTA. Tunaomba utuamulie.
*Msomaji, Morogoro*

Ndugu msomaji, mdogo wako yuko sahihi, ingawa hoja yako nayo haikosi msingi. Tukiuchukua mchezo mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake na toleo lake, basi Grand Theft Auto V ndio uliovunja rekodi zote za maduka ya Uingereza. Ulitoka tarehe 17 Septemba 2013, na siku hiyo ya kwanza peke yake ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 1.5, zenye thamani ya pauni milioni 65 hivi. Kabla ya wiki kwisha, nakala zilikuwa zimevuka milioni 2 katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 64, wakiwemo vikongwe na watoto wachanga. Rekodi iliyokuwapo kabla yake ilikuwa ya mfululizo wa michezo ya vita wa Call of Duty, ambao mwaka 2009, kwa toleo la Modern Warfare 2, ulikuwa umewashangaza wafanyabiashara kwa kuuza nakala zaidi ya milioni 1.2 kwa siku moja.

Lakini mchezo wa mpira hauuzwi kwa namna hiyo. FIFA ilitoka upya kila mwaka, na kila toleo jipya lililiua la mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuna toleo moja lililopata muda wa kukusanya mauzo kwa miaka kumi. GTA V ulitolewa mwaka 2013 kwa mashine za wakati ule, ukatolewa tena mwaka 2014 kwa PlayStation 4 na Xbox One, kisha mwaka 2022 kwa PlayStation 5, na nakala zote hizo zinaingia katika hesabu ya jina moja. Anayetaka kujua ni mfululizo gani uliokaa juu ya orodha za Uingereza mwaka baada ya mwaka atalikuta jina la FIFA karibu kila Krismasi. Patana na mdogo wako kwa msingi huo: yeye amejibu kuhusu mchezo mmoja, wewe umejibu kuhusu ukoo mzima.

Mhariri mpendwa, nilisoma Leeds katikati ya miaka ya 1980. Katika nyumba niliyopanga, watoto wa mwenye nyumba walikuwa wakicheza michezo iliyotoka kwenye kaseti za kawaida, kama zile tulizosikilizia taarabu nyumbani. Baadaye niliporudi nikasikia kwamba Wamarekani na Wajapani walitumia mashine za Atari na Nintendo. Kwa nini Waingereza walishika njia yao wenyewe, na michezo gani iliuzwa zaidi wakati ule?
*Mwalimu mstaafu, Mombasa*

Mwalimu, shikamoo. Swali lako linagusa kipindi tunachokipenda kuliko vyote katika historia hii, na tunaomba uturuhusu tulijibu kwa urefu.

Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Mwaka 1981 kampuni ya Sinclair ya Cambridge ilitoa kompyuta ndogo iliyoitwa ZX81, kwa pauni 69.95, na ikauzwa katika maduka ya WHSmith, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kununua magazeti na kalamu. Mwezi Aprili 1982 ikafuata ZX Spectrum, yenye vibonye vya mpira na uwezo wa kuonyesha rangi, kwa pauni 125 au 175 kutegemea ukubwa wa kumbukumbu. Wakati huohuo shirika la utangazaji la BBC lilikuwa likiendesha mpango wa kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta, na kompyuta ya BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn, ikaingia mashuleni. Wazazi wengi waliamini, kwa nia njema kabisa, kwamba wanamnunulia mtoto chombo cha masomo. Mtoto alipoipata akaanza kucheza, na wengi wao wakaanza pia kuandika programu zao.

Sababu ya pili ni hiyo kaseti uliyoiona. Katriji ya Atari, yaani kasha dogo la plastiki lenye mchezo ndani yake, ilihitaji kiwanda, na dukani iliuzwa kwa bei iliyoishinda kaseti mara kadhaa. Kaseti ilihitaji mashine ya kurudufia tu, na mchezo mpya ukauzwa kwa pauni 5 au 6. Bila shaka unakumbuka jinsi ilivyokuwa: unaunganisha kompyuta na televisheni, unaunganisha redio kaseti na kompyuta, unaandika amri ya kupakia, kisha unabonyeza kitufe cha kuchezesha. Hapo kelele kali huanza kulia, mistari ya rangi hukimbia pembezoni mwa kioo, na picha ya mchezo hujichora kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini. Baada ya dakika tano hivi mchezo uko tayari, au, ikiwa sauti ya redio ilikuwa juu kidogo au chini kidogo kuliko inavyotakiwa, kompyuta huandika kwamba imeshindwa kusoma kaseti, na inakubidi urudishe nyuma na kuanza upya. Watoto wa Uingereza walijifunza subira kwa njia hiyo, na uvumilivu wao ndio uliowezesha biashara nzima kusimama juu ya chombo rahisi namna ile.

Kwa kuwa gharama ya kuingia sokoni ilikuwa ndogo, kijana mmoja chumbani kwake aliweza kushindana na kampuni. Mwaka 1983 Matthew Smith, kijana wa miaka 17 hivi kutoka upande wa pili wa mto Mersey unaotazamana na Liverpool, aliandika Manic Miner, mchezo wa mchimba madini anayevuka mapango 20 huku hewa ikimwishia. Mwaka 1984 akautoa mwendelezo wake, Jet Set Willy, uliotawala chati za mwaka huo. Kaseti ya mchezo huu ilikuja na kadi yenye miraba midogo ya rangi, na mchezo ulipoanza ulimtaka mchezaji aingize rangi za mraba fulani. Mashine za kurudufia karatasi za wakati ule hazikutoa rangi, na wachapishaji waliamini kwamba kwa hila hiyo wamewazuia wanaonakili. Watoto walikaa chini wakanakili kadi nzima kwa mkono, mraba kwa mraba, kwa kalamu za rangi. Jambo hilo linatufundisha kuhusu orodha za mauzo kuliko takwimu nyingi: nakala zilizouzwa ni sehemu tu ya nakala zilizochezwa, kwa maana shuleni kaseti moja iliweza kuzaa kumi kabla ya Ijumaa.

Mwaka huohuo wa 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite kwa ajili ya BBC Micro. Walipanga magalaksi nane, kila moja ikiwa na nyota 256, katika kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Walifanya hivyo kwa kuiacha kompyuta itunge kila nyota kwa kanuni ya hesabu badala ya kuihifadhi moja moja. Na ikiwa watoto wa mwenye nyumba wako walikuwa wakibonyeza vibonye viwili kwa zamu kwa kasi ya ajabu mpaka meza ikatikisika, basi yumkini walikuwa wakicheza Daley Thompson's Decathlon ya kampuni ya Ocean ya Manchester. Daley Thompson alikuwa bingwa wa decathlon, shindano la riadha lenye michezo kumi, katika Olimpiki za 1980 na 1984, na mchezo uliobeba jina lake uliuzwa sana na kuharibu kibodi nyingi kwa sababu mbio zake zilikimbiwa kwa vidole.

Ocean ndiyo iliyoelewa mapema kuliko wengine kwamba mnunuzi huchagua jina analolijua. Ilinunua haki za filamu na za michezo ya Kijapani iliyochezwa kwa sarafu kwenye kumbi za burudani, ikazigeuza kuwa kaseti, na RoboCop ya mwaka 1988 ikakaa juu ya chati kwa miezi mingi mfululizo. Kwa upande mwingine kampuni ya Mastertronic ilifuata watu wasio na fedha nyingi: iliuza michezo kwa pauni 1.99 katika maduka ya magazeti na vituo vya mafuta, ambako mtoto aliweza kutumia fedha zake za mfukoni bila kumwomba mzazi. Ndugu wawili wa familia ya Darling walianzisha Codemasters mwaka 1986 kwa njia hiyohiyo ya bei nafuu, na mapacha Philip na Andrew Oliver wakawaandikia Dizzy, yai lenye miguu na glavu ambalo watu wazima wengi wa Uingereza bado wanalitaja kwa mapenzi.

Soko la Marekani lilipoporomoka mwaka 1983, Waingereza hawakuhisi kitu, kwa sababu michezo yao haikutegemea mashine za Kimarekani. Na kuna uzi mmoja zaidi, Mwalimu, unaounganisha jibu hili na makala yetu ya Dundee. Spectrum ziliundwa katika kiwanda cha Timex kilichokuwa mji huohuo. David Jones, aliyeanzisha kampuni ya DMA Design, alikuwa amefanya kazi Timex. DMA ilitoa Lemmings mwaka 1991, mchezo ulioelezwa kuwa uliuza nakala 55,000 siku ya kwanza, kisha Grand Theft Auto mwaka 1997. Kwa hiyo rekodi ya mwaka 2013 tuliyoitaja hapo juu ina mizizi katika kiwanda kilichokuwa kikiunganisha kompyuta za pauni 125.

Mhariri, mnaposema mchezo fulani ulikuwa wa kwanza, nani aliyehesabu? Au kampuni zinajisifu tu?
*Mwanafunzi wa takwimu, Dodoma*

Ndugu mwanafunzi, kampuni hujisifu, na ndiyo sababu ni muhimu kuuliza. Katika miaka ya 1980 kazi ya kukusanya chati ilifanywa na Gallup, taasisi ileile inayojulikana kwa kura za maoni. Mwaka 1989 wachapishaji waliunda chama chao, ELSPA, na kuanzia miaka ya 1990 takwimu zilikusanywa na kampuni ya Chart-Track, ambayo baadaye ilimezwa na GfK, kampuni ya utafiti wa masoko. Maduka yalipeleka mauzo yao ya wiki, na orodha ilitolewa kila mwanzo wa wiki. ELSPA ilitoa pia tuzo kwa ngazi: fedha kwa nakala 100,000, dhahabu kwa 200,000, platinamu kwa 300,000 na almasi kwa milioni 1, zote zikihusu mauzo ndani ya Uingereza. Msomaji anayekutana na maneno kama "almasi ya ELSPA" katika historia ya mchezo fulani ana msingi imara kuliko anayekutana na tangazo la kampuni kwamba mchezo wake "umependwa na mamilioni".

Hata hivyo hesabu sahihi huweza kukupotosha usipojua kanuni zake. Chati kuu ilihesabu nakala, haikuhesabu fedha. Mchezo wa pauni 1.99 ulikuwa na uzito sawa na wa pauni 9.95, na katika miaka ya 1980 michezo ya bei nafuu ilijazana juu mpaka ikatengewa orodha yake. Ulikuwepo pia utata wa mashine: mchezo uleule uliotoka kwa Spectrum, Commodore 64 na Amstrad uliweza kuorodheshwa mara tatu, kila mara ukiwa na mauzo yake, au ukajumlishwa pamoja na kupanda ghafla. Na michezo iliyofungwa pamoja na mashine ilikuwa tatizo la aina yake. Wii Sports uliingia karibu kila nyumba ya Uingereza iliyonunua Wii, mashine ya Nintendo, kuanzia Desemba 2006, lakini ulikuja ndani ya boksi la mashine, kwa hiyo hukuuona kileleni. Wii Play, uliouzwa pamoja na kidhibiti cha ziada, ulihesabiwa, na watu waliokuwa wakitafuta kidhibiti cha pili tu wakaupandisha juu kwa muda mrefu. Sisi tunaona kwamba mafanikio ya Wii Play ni mafanikio ya kidhibiti, na yeyote aliyeucheza kwa zaidi ya jioni moja atakuwa upande wetu.

Hapa Magomeni vijana hulipa kwa mechi kucheza FIFA kwenye vibanda vya PlayStation, na kila mmoja anachagua timu ya Uingereza. Je, Waingereza walianza lini kupenda mpira wa kwenye kioo, na kwa nini hakuna mchezo mwingine unaoishinda FIFA?
*Mwenye kibanda, Dar es Salaam*

Ndugu yetu, walianza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, na hawakuanza kwa kupiga mpira. Mwaka 1982 Kevin Toms alitoa Football Manager, ambamo mchezaji hupewa timu ya ngazi ya chini, hununua na kuuza wachezaji, hukopa benki, kisha hukaa kutazama matokeo yakitokea bila kuweza kuyabadilisha. Matangazo yake yalibeba picha ya mtunzi mwenyewe na ndevu zake. Michoro ilikuwa duni sana, lakini mchezo uliuzwa kwa miaka mingi, kwa sababu uligusa kitu ambacho kila shabiki wa mpira hufanya anapobishana barazani: kuamini kwamba angekuwa kocha yeye, mambo yangekwenda vingine.

Ndugu wawili kutoka Shropshire, Paul na Oliver Collyer, waliichukua hamu hiyo na kuijengea takwimu. Championship Manager wao ulitoka mwaka 1992 bila majina halisi ya wachezaji, lakini toleo lililofuata likawa nayo, na kuanzia hapo mchezo ukawa sehemu ya maisha ya wanaume wengi wa Uingereza kuliko gazeti la michezo. Nguvu yake ilikuwa hifadhi ya takwimu. Mashabiki wa kujitolea katika nchi nyingi walifuatilia timu zao na kutuma tathmini za wachezaji mmoja mmoja, kuanzia kasi na pasi mpaka tabia, hata ikafika mahali klabu ya Everton ikaingia mkataba mwaka 2008 wa kuitumia hifadhi hiyo katika kutafuta wachezaji wa kweli.

Waandishi wa mchezo huo walipoachana na mchapishaji wao, Eidos, miaka ya 2003 na 2004, mchapishaji alibaki na jina la Championship Manager, nao wakabaki na programu na takwimu. Walitafuta mchapishaji mpya, Sega, wakachukua jina la zamani la Football Manager, wakatoa toleo lao mwishoni mwa 2004. Wanunuzi wa Uingereza waliwafuata. Kwa maoni yetu hakuna tukio katika historia hii linaloonyesha vizuri zaidi heshima ya mnunuzi kwa kazi iliyo ndani ya boksi, na tunalitaja kila tunapoambiwa kwamba wanunuzi huvutwa na matangazo tu.

Sasa kuhusu FIFA. Ilipotokea kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa 1993, ilikuta uwanja una wenyewe. Sensible Soccer wa mwaka 1992, wenye wachezaji wadogo kama siafu wanaoonekana kutoka juu, ulikuwa ukipendwa sana na ulikuwa wa kasi kuliko FIFA. Kampuni ya EA, iliyoitengenezea FIFA Kanada, ilikuwa na leseni ya jina la shirikisho la mpira duniani, na jalada la kwanza lilimwonyesha David Platt wa timu ya taifa ya Uingereza. Katika miaka iliyofuata ikajipatia majina halisi ya ligi, klabu, viwanja na jezi. Pro Evolution Soccer wa kampuni ya Konami ulikuwa mpinzani mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wachezaji wengi hodari waliuona kuwa bora uwanjani, lakini timu zake nyingi zilibeba majina ya kubuni. Mtoto wa Manchester anayetaka kuichezea Manchester United hataki kuona jina lingine juu ya jezi nyekundu, na nadhani vijana wako wa Magomeni hawana tofauti naye.

Kuna jambo la kalenda pia. Toleo jipya hutoka karibu na mwisho wa Septemba, msimu wa Ligi Kuu ukiwa umeshika moto na uhamisho wa wachezaji umekamilika, kisha hufuata miezi mitatu ya kununua zawadi za Krismasi. Hakuna mchezo mwingine ambao matangazo yake hurushwa bure kila Jumamosi kupitia mpira wenyewe. EA na shirikisho walipoachana, na mchezo ukatoka kwa jina la EA Sports FC 24 mwezi Septemba 2023, wapo waliotabiri kwamba utaanguka kwa kukosa jina. Leseni za ligi na klabu zilikuwa bado mikononi mwa EA, na mchezo ukawa tena miongoni mwa iliyouzwa zaidi Uingereza mwaka huo.

Mhariri, assalaamu alaykum. Ninaishi Leicester na wanangu watatu. Mume wangu husema michezo hii ni ya wavulana tangu zamani. Je, ni kweli? Na mwanangu wa miaka 13 ananiomba GTA V kwa kuwa "kila mtu anayo". Nifanye nini?
*Mama Watatu, Leicester*

Wa alaykumu s-salaam, dada yetu. Chati za Uingereza zenyewe hazikubaliani na mumeo. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu matangazo yaliwalenga wavulana, hata pale mhusika alipokuwa mwanamke: Tomb Raider, uliotengenezwa Derby na kutoka mwaka 1996, ulimpa Lara Croft ujasiri na akili, kisha watangazaji wakamuuza kwa umbo lake. Lakini mwaka 2006 Nintendo ilileta Ulaya mchezo wa mazoezi ya ubongo uliotokana na kazi za Profesa Ryuta Kawashima wa Japani, kwa mashine ndogo ya DS inayofunguka kama kitabu, na ukanunuliwa na watu ambao hawakuwahi kuingia katika duka la michezo: akina mama, walimu, wastaafu wanaosafiri kwa treni. Mwaka 2008 Wii Fit uliisha madukani kwa sababu watu walitaka ubao wake wa kupimia uzito na kufanyia mazoezi. Na katika majira ya joto ya mwaka 2011, mchezo uliokaa juu ya chati kwa wiki nyingi mfululizo, ukiipita michezo ya vita na ya magari, ulikuwa Zumba Fitness, ambao wachezaji wake walikuwa hasa wanawake waliosogeza viti sebuleni wakacheza ngoma. Waandishi wa habari za michezo ya video waliudharau sana wakati ule, na dharau hiyo haikuwa ya haki, kwani kila aliyeununua aliutumia kwa kazi aliyoukusudia.

Kuhusu mwanao, jibu letu ni kumnyima, na sheria iko upande wako. GTA V umepewa alama ya miaka 18 na PEGI, mfumo wa Ulaya unaoonyesha umri unaofaa kwa kila mchezo. Tangu tarehe 30 Julai 2012, muuzaji wa Uingereza anayemuuzia mtoto mchezo uliowekewa alama ya 12, 16 au 18 kabla ya kufikia umri huo anatenda kosa. Sheria hiyo humbana muuzaji, haimfuati mzazi nyumbani kwake, na ndiyo sababu watoto wengi huwatuma wazazi. Mchezo una mauaji, mateso, dawa za kulevya na maeneo ya wacheza uchi, na ulitengenezwa Edinburgh na watu wazima kwa ajili ya watu wazima. Kwamba umeuzwa kuliko yote hakupunguzi hata moja ya hayo. Mpe mwanao FC, au Mario Kart 8 Deluxe, ambao wanunuzi wa Uingereza hawajauchoka tangu mwaka 2017, na ambao ninyi wanne mnaweza kuucheza pamoja.

Mbona Fortnite na Candy Crush hazimo katika orodha zenu? Watu niwajuao wote wanazicheza.
*Msomaji, Kampala*

Kwa sababu haziuzwi kaunta, ndugu msomaji. Candy Crush Saga, iliyoingia simuni mwaka 2012, na Fortnite, iliyopata umaarufu mwishoni mwa 2017, hupakuliwa bure, na kampuni hupata fedha kwa vitu vidogo vinavyonunuliwa ndani ya mchezo. Hata michezo inayolipiwa sasa hupakuliwa zaidi kuliko inavyonunuliwa kwa diski, na Nintendo haitoi takwimu za upakuaji wake kwa wakusanyaji wa chati. Minecraft ulikuwa umeshaenea kwenye kompyuta za watoto wa Uingereza miaka kadhaa kabla haujaonekana kwenye chati ya maduka, kwa kuwa chati hiyo iliuona tu ulipotiwa kwenye diski ya Xbox 360. Orodha za diski zinaeleza vizuri miaka ya 1980 mpaka karibu 2012. Kwa miaka iliyofuata zinasaidia, lakini haifai kuzitegemea peke yake.

Mwezi Septemba ninakwenda Sheffield kwa masomo ya uzamili. Je, kuna mahali naweza kuiona michezo hii ya zamani kwa macho yangu?
*Msomaji, Arusha*

Uko kwenye bahati, kwani Makumbusho ya Taifa ya Michezo ya Video yako Sheffield kwenyewe, katikati ya mji, tangu mwaka 2018, na mashine nyingi humo zimewekwa ili zichezwe na wageni, si kutazamwa tu. Ukipata nafasi ya kufika Cambridge, nenda pia Centre for Computing History, ambako Spectrum na BBC Micro zimewashwa na kuunganishwa na televisheni za enzi zao. Kabla ya kusafiri angalia siku za kufunguliwa, maana si kila siku ya wiki milango huwa wazi, na beba kitambulisho chako cha mwanafunzi kwa sababu mara nyingi hupunguziwa kiingilio. Ukikuta Manic Miner, anza na pango la kwanza, na usiruke kabla hujajifunza mwendo wa adui.